Shangazi Mmoja, Laiki Tatu: Uchambuzi wa Kisa cha Laiki Zilizojirudia katika Jukwaa la Mashairi

Kisa hiki kilitokea katika jukwaa dogo la mtandaoni ambalo wanachama wake huweka mashairi yao, husomana, hutoa maoni na hugusa alama ya moyo kuonyesha kwamba shairi limewakuna. Kugusa moyo huko ndiko wanachama wenyewe wanakokuita kulaiki, nami nitatumia neno hilo hilo. Kila mwisho wa mwezi shairi lenye laiki nyingi kuliko mengine hutangazwa kuwa shairi la mwezi na mtunzi wake hupewa zawadi, kwa hiyo laiki katika jukwaa hili si pambo la ukurasa, ni kura. Nilikuwa mmoja wa watu watatu waliolitunza jukwaa hilo wakati huo, na ninaandika kwa sababu kosa tulilolifanya ni la kawaida mno, wakati madhara yake yanaangukia watu ambao hawana namna ya kujitetea.

Siku mbili kabla ya kufunga hesabu za mwezi, mtunzi wa shairi lililokuwa likiongoza alituandikia. Hakulalamika kwamba ameibiwa. Alikuwa na hofu kwamba yeye ndiye ataonekana mwizi. Alikuwa amefungua orodha ya waliolipenda shairi lake akakuta jina la shangazi yake limejitokeza mara tatu mfululizo. Alipompigia simu, shangazi alimweleza kwamba alikuwa ndani ya kivuko akielekea Kigamboni, mtandao ulikuwa unasuasua, akagusa moyo na haukubadilika rangi, akagusa tena, akagusa mara ya tatu, kisha akaiweka simu mkobani. Mtunzi akatuomba tuzirekebishe hesabu kabla watu hawajaanza kusema.

Dhana yetu ya kwanza, nakiri, ilikuwa udanganyifu. Tulifungua kumbukumbu za seva, yaani kompyuta inayopokea ombi kila moyo unapoguswa, tukitarajia kuona maombi mengi yaliyotumwa na programu fulani, lakini tulichokiona ni mistari mitatu tu kutoka kwenye simu ile ile na kikao kile kile, ya kwanza saa 18:41:07.212, ya pili 18:41:07.219, ya tatu 18:41:07.231. Maombi matatu ndani ya milisekunde kumi na tisa. Hakuna kidole cha binadamu kinachogusa kioo kwa kasi hiyo, na hilo ndilo lililotudanganya kwa karibu saa nzima, mpaka mwenzetu mmoja alipokumbusha kwamba muda ulioandikwa kwenye kumbukumbu ni wa maombi kufika kwenye seva, si wa mtu kugusa kioo.

Hapo ndipo kiini cha kisa kinapoanzia, na ningependa kukieleza kwa utulivu. Mawasiliano kati ya kivinjari na seva husafiri juu ya itifaki ya TCP, ambayo haikubali data ipotee kimyakimya: kipande ambacho hakijathibitishwa kupokelewa hutumwa tena na tena mpaka kithibitishwe au muunganisho wenyewe uvunjike. Kwa hiyo mtandao ulipokatika katikati ya maji, mguso wa kwanza wa shangazi haukupotea bali ulisubiri. Mguso wa pili, uliokuja sekunde kadhaa baadaye, ulipanga foleni nyuma yake, na wa tatu vivyo hivyo. Mtandao uliporudi, yote matatu yalitoka pamoja. Mtandao mbovu ulichukua miguso iliyoachana kwa sekunde nyingi ukaibana ikawa inaachana kwa milisekunde. Wasanidi wengi husoma kwamba maombi mawili kugongana kwa wakati mmoja ni jambo la nadra, la majukwaa yenye mamilioni ya watu. Kwa watumiaji wetu, ambao wako kwenye daladala, kwenye kivuko, au kwenye nyumba ambayo mtandao hushika dirishani tu, mgongano huo ni jambo la kila siku, na jukwaa lenye wanachama mia chache linaweza kuupata kabla ya chakula cha mchana.

Sasa tutazame seva ilifanya nini na maombi hayo matatu. Msimbo wetu wa kupokea laiki ulikuwa na hatua mbili. Kwanza uliuliza kanzidata, yaani ghala la rekodi zote za jukwaa, kama mwanachama huyu amekwisha kulilaiki shairi hili. Jibu likiwa hapana, uliandika rekodi mpya. Ukiusoma msimbo huo kwa macho unaridhika, kwa sababu unasema waziwazi kwamba hakuna mtu atakayelaiki mara mbili. Tatizo liko kwenye upenyo kati ya kuuliza na kuandika. Seva yetu ilikuwa ikihudumia maombi kadhaa kwa pamoja, kwa hiyo ombi la kwanza liliuliza likaambiwa hakuna laiki, na kabla halijamaliza kuandika, la pili likauliza likaambiwa vilevile hakuna, na la tatu pia. Yote matatu yaliambiwa ukweli, na yote matatu yakaandika. Ni sawa na mawakala watatu wa basi moja, kila mmoja na kitabu chake cha tiketi: kila mmoja anachungulia dirishani, anaona kiti namba 14 kiko wazi, anarudi kumkatia abiria wake tiketi ya kiti hicho. Hakuna wakala aliyesema uongo, lakini abiria watatu watagombania kiti kimoja.

Mwenzetu alipendekeza tuzifunge hatua zote mbili ndani ya muamala mmoja, yaani kifurushi cha hatua ambazo kanzidata huzithibitisha zote au huzibatilisha zote, akiamini kwamba muamala utazuia wengine kuingia kati. Pendekezo hilo linastahili kujibiwa vizuri, maana wengi hulitoa. Kanzidata yetu ilikuwa PostgreSQL, ambayo bila kuelekezwa vingine huendesha miamala katika kiwango cha Read Committed. Katika kiwango hicho kila swali huona yale ambayo miamala mingine imekwisha kuyathibitisha, na halioni yanayoandikwa wakati huo huo na wengine. Miamala mitatu ingeanza pamoja, ingeona utupu ule ule, na ingethibitishwa yote. Kuongeza FOR UPDATE, maneno yanayofunga kwa kufuli rekodi zilizosomwa, kwenye swali la kwanza nako hakusaidii, kwa sababu kufuli hiyo hufungwa kwenye rekodi iliyopo, na hapa tatizo letu ni rekodi ambayo haijazaliwa. Kupandisha kiwango hadi Serializable kungesaidia, kwani muamala mmoja tu ungepita na mingine ingekataliwa kwa kosa namba 40001 na kulazimika kurudiwa, lakini huko ni kununua panga la kumenyea chungwa.

Dawa tuliyoiweka kwanza, kwa haraka, ilikuwa ya kitufe. Moyo ukiguswa mara moja unafungwa mpaka jibu litakapokuja. Tuliiacha mpaka leo kwa sababu inampunguzia mtumiaji usumbufu, lakini si kinga. Mwanachama mwenye ukurasa huo huo kwenye simu na kwenye kompyuta ana vitufe viwili ambavyo havijuani. Programu za kutuma maombi huwa na tabia ya kujaribu tena zenyewe zikikosa jibu kwa muda fulani, na kitufe hakina habari. Na mtu yeyote anayejua anuani ya ombi anaweza kulituma bila kupitia kitufe chochote.

Dawa ya pili ilikuwa mbaya zaidi, na nitaisema kwa kuwa nimeiona kwenye majukwaa mengine pia. Tuliigeuza njia ya kulaiki ikawa kama swichi ya taa: kama laiki haipo iwekwe, kama ipo iondolewe. Tulidhani laiki ya pili itaifuta ya kwanza na hesabu haitazidi kamwe. Ilichofanya ni kwamba mwanachama aliyegusa mara mbili kwenye mtandao wa kusuasua alijikuta hajalaiki kabisa, na aliyegusa mara tatu alijikuta amelaiki, yaani kura ya mtu iliamuliwa na idadi ya miguso kuwa shufwa au witiri. Na pale maombi mawili yalipogongana kweli, yote mawili yaliona utupu na yote yakaandika, kwa hiyo hata marudio hayakukoma. Tuliiondoa jioni ya siku ile ile.

Kilichotutoa kizani ni kubadili swali. Tulikuwa tukiuliza namna ya kumzuia mtu asiguse mara mbili, ilhali mtu ana haki ya kugusa hata mara kumi ikiwa kioo hakimjibu. Swali la kweli ni ukweli gani unapaswa kuwepo ndani ya kanzidata baada ya miguso yote kwisha, na jibu lake ni fupi: kwa kila mwanachama na kila shairi, rekodi moja au hakuna. Huo ni ukweli kuhusu data, na mahali pekee panapoiona data yote kwa wakati mmoja ni kanzidata yenyewe. Kinga ikae hapo, kwa njia ya faharasa ya upekee, yaani orodha ya kanzidata isiyokubali jozi ile ile ya shairi na mwanachama iandikwe mara mbili:

CREATE UNIQUE INDEX laiki_moja ON laiki (shairi_id, mwanachama_id);

Faharasa hii hufanya kile ambacho mawakala wa basi walikikosa, yaani kitabu kimoja cha viti. Miamala miwili ikijaribu kuandika jozi ile ile, wa pili husimamishwa mpaka hatima ya wa kwanza ijulikane. Wa kwanza ukithibitishwa, wa pili unakataliwa, na wa kwanza ukibatilishwa, wa pili unaruhusiwa kupita. Tulianza na safu ya shairi makusudi, ili faharasa hiyo hiyo itumike pia kuhesabu laiki za shairi moja kwa haraka.

Wanaotumia viunzi vya kutengenezea tovuti, kama Rails, Django na Laravel, wasidhani wameepushwa na hili. Ukaguzi wa upekee wa Rails hufanya hatua zile zile mbili za kuuliza kisha kuandika, na maelezo yake rasmi yanaonya kwamba hauwezi kuhakikisha upekee bila faharasa ndani ya kanzidata. Maelezo ya get_or_create ya Django nayo yanadai upekee ulindwe na kanzidata, na firstOrCreate ya Laravel inahitaji ulinzi huo huo.

Kuiweka faharasa kwenye jedwali ambalo tayari lina marudio hakuwezekani, kwa sababu kanzidata itakataa kuijenga. Ilibidi tusafishe kwanza, na hapa kuna mtego mdogo: kati ya kumaliza kusafisha na kuanza kujenga, shangazi mwingine anaweza kupanda kivuko. Usiku, jedwali likiwa dogo, tulifungua muamala mmoja, tukalifunga jedwali kwa kufuli inayoruhusu kusoma na kuzuia kuandika, tukafuta kila rekodi iliyokuwa na pacha wake mwenye namba ndogo zaidi, tukajenga faharasa, tukathibitisha. Sekunde chache tu. Kwenye jedwali kubwa tungetumia CREATE UNIQUE INDEX CONCURRENTLY, ambayo haizuii uandishi lakini haikubali kuendeshwa ndani ya muamala, na ikishindwa huacha nyuma faharasa batili ambayo lazima uiondoe mwenyewe.

Asubuhi yake tulipokea malalamiko mapya. Wanachama walisema moyo unawaka kisha unazimika. Kinga ilikuwa inafanya kazi vizuri, ila msimbo haukuandaliwa kuipokea: ombi la pili lilipokataliwa na kanzidata kwa kosa namba 23505, programu ililigeuza kuwa kosa la seva namba 500, na ukurasa ukauzima moyo ingawa laiki ya kwanza ilikuwa imekwisha kuingia salama. Mtu akiona moyo umezimika hugusa tena, hupata kosa tena, na huamini kwamba jukwaa linaikataa kura yake. Kumwambia mtu kwamba ameshindwa katika jambo ambalo limefanikiwa ni kumkosea, na kwangu mimi kosa hilo halina udogo wowote mbele ya hesabu iliyozidi.

Marekebisho yalikuwa mawili. Ndani ya kanzidata tuliandika laiki kwa INSERT yenye kifungu cha ON CONFLICT DO NOTHING, kilichopo PostgreSQL tangu toleo la 9.5 la Januari 2016, ambacho huiacha rekodi iliyopo ilivyo bila kupiga kelele. Anayetumia MySQL ataonyeshwa INSERT IGNORE, lakini namsihi afikiri mara mbili, kwa kuwa amri hiyo humeza pia makosa mengine, mathalani laiki ya shairi ambalo limekwisha kufutwa; ON DUPLICATE KEY UPDATE inayoirudishia safu thamani yake ile ile ni salama zaidi. Kwa upande wa mtandao, ambako kila ombi hutaja njia yake, yaani linataka kufanya nini, tuliachana na POST tukatumia PUT kwa kulaiki na DELETE kwa kuondoa laiki. Waraka wa RFC 9110 wa mwaka 2022, unaoeleza maana ya njia hizi, unazihesabu PUT na DELETE kuwa ni njia ambazo kurudiwa kwake kuna matokeo yale yale yaliyokusudiwa na ombi moja, na POST haina sifa hiyo. Ombi halisemi tena kwamba laiki iongezwe. Linasema kwamba baada ya hapa mimi niwe nimelipenda shairi hili. Ukilituma mara tatu unapata jibu lile lile mara tatu, lenye hali ya moyo na idadi ya laiki, na ukurasa huchora kile ulichoambiwa.

Tulidhani tumemaliza. Baada ya siku chache marudio yakaonekana tena, safari hii kwenye laiki za wageni. Jukwaa liliruhusu mtu asiyejiandikisha kulaiki, na rekodi yake iliandikwa bila namba ya mwanachama, yaani NULL. Katika kanuni za SQL, NULL hailingani na NULL nyingine, kwa kuwa maana yake ni thamani isiyojulikana, na visivyojulikana viwili haviwezi kudaiwa kuwa kitu kimoja. Faharasa yetu iliwaruhusu wageni wote kupita, na amri yetu ya usafishaji haikuwagusa kwa sababu hiyo hiyo: ilikuwa ikitafuta mapacha kwa alama ya usawa, na NULL haina pacha. PostgreSQL 15 ilileta kifungu cha NULLS NOT DISTINCT kinachozihesabu NULL zote kuwa sawa, lakini kwetu kingeleta dhuluma ya upande wa pili, maana wageni wote duniani wangegeuka mtu mmoja na shairi lingepata laiki moja tu ya ugenini. Tuliamua laiki za wageni zihamie jedwali lake, lenye kitambulisho cha kivinjari kisichoruhusiwa kuwa tupu na faharasa yake ya upekee, na zisihesabiwe katika shindano.

Lilibaki suala la namba inayoonekana chini ya shairi. Kwa ajili ya kasi tulikuwa tukiihifadhi kwenye jedwali la mashairi, na kila laiki ilipoingia programu iliisoma namba hiyo, ikaongeza moja, ikairudisha. Hapo palikuwa na ugonjwa mwingine wa ukoo ule ule: maombi mawili ya watu tofauti yakisoma 286 kwa pamoja, yote yanaandika 287, na laiki ya mtu halali inapotea. Marudio yaliipandisha namba, upotevu uliishusha, na makosa haya mawili yalisitiriana kiasi kwamba tulipolinganisha namba iliyoonyeshwa na rekodi zilizomo, baadhi ya mashairi yalilingana kwa bahati tupu. Tuliunganisha kazi zote katika amri moja, ili namba ipande pale tu rekodi mpya ilipoingia kweli:

WITH mpya AS (
  INSERT INTO laiki (shairi_id, mwanachama_id) VALUES ($1, $2)
  ON CONFLICT DO NOTHING
  RETURNING shairi_id
)
UPDATE mashairi SET idadi_laiki = idadi_laiki + 1
WHERE id IN (SELECT shairi_id FROM mpya);

Kuongeza kunafanywa na kanzidata yenyewe, hivyo maombi mawili yanasubiriana badala ya kufutana. Shairi likipendwa na maelfu kwa dakika, kusubiriana huko kwenye rekodi moja kutakuwa msongamano. Sisi hatujafika huko na sikuona sababu ya kujenga barabara ya njia nane kwa ajili ya baiskeli. Hata hivyo matokeo ya shindano hayasomwi tena kwenye namba hiyo. Yanahesabiwa upya kutoka kwenye jedwali la laiki, rekodi kwa rekodi.

Hesabu za mwezi ule zilipofanywa upya, shairi la mpwa wa shangazi lilibaki la kwanza, ila la pili na la tatu yalibadilishana nafasi. Tuliwaandikia watunzi wote watatu tukaeleza kilichotokea, pamoja na idadi ya awali na idadi iliyosahihishwa ya kila mmoja, na tukasema waziwazi kwamba hakuna mwanachama aliyedanganya. Faharasa, nieleze, haizuii mtu mmoja kufungua akaunti tano. Hiyo ni kazi ya uthibitisho wa namba ya simu, na tulikataa kuichanganya na suala hili.

Jambo lililonisumbua baadaye ni kwamba majaribio yetu yote yalikuwa yakipita tangu mwanzo. Tulikuwa na jaribio linalolaiki shairi mara mbili na kuhakiki kwamba rekodi ni moja, nalo lilikuwa la kijani kila siku, kwa sababu lilituma ombi la kwanza, likasubiri jibu, ndipo likatuma la pili. Jaribio la sasa hutuma ombi lile lile mara 20 kwa pamoja bila kusubiri. Tuliliendesha kwanza dhidi ya msimbo wa zamani, likaacha rekodi kadhaa na idadi isiyolingana nazo. Dhidi ya msimbo mpya linapata majibu 20 yanayosema moyo umewaka, rekodi moja, na idadi iliyopanda kwa moja.